Cheti cha majimbo yote hamsini hakipo

"Papa, tumehama. Kile cheti cha watoto cha kusomea nyumbani, cha kule Texas, si kitatumika na huku New York?" Swali hili huletwa kwangu na wazazi waliotoka Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kila wanaposikia habari za kiwanda cha nyama kinacholipa vizuri zaidi, au za mji wenye nyumba za bei nafuu, wakafunga mizigo. Jibu ni hapana. Hakitatumika New York, na hata kule Texas hakikuwa na kazi yoyote.

Swali linatoka mbali. Mtoto aliyesoma Mpofi, kule Masisi na Walikale zinapokutana, akihamia Goma, Bukavu au hata Kinshasa, anakuta programu ileile ya taifa. Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni wa nchi nzima, na bulletin yake, yaani ripoti ya alama, inasomeka kila mahali. Waliopitia Uganda waliona vilevile: PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni mmoja, unatungwa na UNEB, baraza la taifa la mitihani, uwe umeketi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au katikati ya Kampala. Mtu aliyezoea hivyo anafika Marekani akiamini Washington nayo ina karatasi yake.

Haina. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, na Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yanayaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. Sheria iliyounda Wizara ya Elimu mwaka 1979 inaikataza wizara hiyo hiyo kusimamia mitaala ya shule. Hakuna ofisi ya serikali kuu inayosajili mtoto anayefundishwa nyumbani. Sheria inayokuhusu ni ya jimbo unamoishi sasa, na siku unapovuka mpaka inabadilika yote.

Cheti chenyewe nimekishika mara nyingi mno. Karatasi nzito, tai wa Marekani juu, muhuri wa rangi ya dhahabu, jina la mtoto kwa herufi kubwa, na chini yake maneno kwamba shule hii ya intaneti ina ithibati na inatambuliwa katika majimbo yote hamsini. Anayekileta ni mtu wa kwetu, anajulikana kwenye vikundi vya WhatsApp, na anaahidi kushughulikia kila kitu. Mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku analipa kila mwezi, anatundika cheti ukutani, anatulia.

Kinatambuliwa na nani? Serikali kuu haitoi ithibati kwa shule za msingi wala sekondari. Ithibati hutolewa na vyama binafsi, na faida yake ni kwamba shule nyingine au chuo kikuu kinaweza kuziamini alama za mtoto. Hilo ni jambo jema, lakini halihusiani na ruhusa ya mtoto kutokuwa shuleni. Programu inaweza kuwa bora, mtoto akajua hesabu kuliko wenzake, na bado mzazi akawa amevunja sheria, kwa sababu anayeulizwa na sheria ni mzazi, wala si mwenye programu. Yako majimbo machache, Tennessee likiwemo, yanayoruhusu mtoto wa nyumbani aandikishwe chini ya shule ya kanisa, lakini hata huko lazima shule iwe ya aina iliyotajwa na sheria ya jimbo lenyewe. Muhuri wa dhahabu hauigeuzi kuwa ya aina hiyo.

Texas haiombi cheti. Katika kesi ya Leeper, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1994 kwamba nyumba inayofundisha watoto kwa dhati inahesabiwa kuwa shule ya binafsi. Fundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, kwa vitabu au programu inayoonekana. Hakuna taarifa ya kila mwaka wala mtihani wa serikali. Zile dola za kila mwezi zilinunua kitu ambacho jimbo halikukihitaji.

Familia hiyohiyo ikifika Buffalo inaingia nchi nyingine. Ndani ya siku 14 tangu kuanza kufundisha nyumbani, mzazi aandike taarifa kwa mkuu wa wilaya ya shule. Wilaya itamletea kanuni na fomu, naye ana wiki nne za kurudisha mpango wa masomo wa kila mtoto: vitabu gani, masomo gani, nani anafundisha. Kisha ripoti nne kwa mwaka. Saa 900 za masomo kwa darasa la 1 hadi la 6, saa 990 kwa la 7 hadi la 12. Tathmini kila mwaka. Orodha ya masomo ina hesabu na historia, lakini ina pia usalama barabarani, pamoja na wa baiskeli, na kinga dhidi ya moto. Cheti cha ukutani hakijibu hata swali moja kati ya hayo. Anayekaa kimya huandikiwa barua za utoro, na wilaya inaweza kulipeleka suala kwenye ofisi ya ulinzi wa watoto. Inaniuma kuona watu waliobeba watoto wao mgongoni kutoka vitani wakihojiwa sebuleni kama wazazi wasiojali, kwa sababu walimwamini muuza karatasi.

Pennsylvania inaumiza watu wetu kwa njia nyingine. Mzazi anaapa kwa maandishi mbele ya notari wa umma, anaambatanisha malengo ya kila somo na ushahidi wa chanjo, na mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa anapitia jalada la kazi za mtoto. Hata ukihama wilaya moja kwenda nyingine ndani ya jimbo hilo, unatakiwa kuomba barua ya uhamisho kwa posta ya rejista siku 30 kabla. Zaidi ya yote, mzazi anayefundisha awe na diploma ya sekondari au inayolingana nayo. Georgia na North Carolina nazo zina sharti hilo. Nawafahamu akina mama waliomaliza humanités pédagogiques, sekondari ya ualimu, na kufundisha shule za msingi miaka mingi, lakini diploma yao iliungua pamoja na nyumba, au haikuwahi kutoka Kinshasa, wakabaki na attestation tu. Cheti cha mtoto hakiwezi kuziba pengo la karatasi ya mama. Attestation itafsiriwe kutoka Kifaransa, ipelekwe kwenye shirika linalopima ulinganifu wa vyeti vya nje, na kazi hiyo ianze kabla ya kuhama. Ikishindikana kuna mtihani wa GED, unaolingana na diploma ya sekondari, au shule ya umma ya mtandaoni, ambayo ni bure na mtoto anasomea nyumbani, ila kisheria yeye ni mwanafunzi wa shule ya umma na anafuata ratiba yao.

Majimbo mengine kwa haraka. Ohio: taarifa ndani ya siku tano baada ya kuhamia, sheria mpya tangu Oktoba 2023. Kentucky: taarifa ndani ya siku kumi, daftari la mahudhurio, saa 1,062 katika siku zisizopungua 170, na masomo yawe kwa Kiingereza. Arizona: hati ya kiapo kwa kaunti ndani ya siku 30, pamoja na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mtoto. Idaho na Illinois hazidai taarifa. Soma tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lenyewe mwezi unaohama, maana sheria hizi zinabadilika.

Kabla ya kuondoka, kama mtoto yuko shule ya umma, mwondoe kwa barua na ubaki na nakala. Mtoto anayetoweka bila barua anahesabiwa mtoro. Chukua rekodi za shule na kadi za chanjo. Ukifika, dai mkalimani wa Kiswahili katika ofisi ya wilaya: ni haki yako chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na hulipi. Usimtumie mtoto kutafsiri. Kila karatasi unayopeleka, omba igongwe muhuri wa tarehe.

Na fikirini vizuri sababu ya kumtoa mtoto shuleni. Kama ni kwa kuwa hajui Kiingereza, hukumu ya Lau v. Nichols ya 1974 inailazimisha shule ya umma kumsaidia, na msaada huo kwa kawaida anaupoteza akibaki nyumbani. Kama ni hofu ya hati za uhamiaji, Plyler v. Doe ya 1982 inaizuia shule ya umma kumkataa mtoto kwa sababu hiyo. Na kama mmeshahama na karatasi za jimbo jipya hazijakamilika, mwandikisheni shule ya umma ya karibu wiki hiyohiyo, asome humo mpaka zikamilike.