Kabla hujafungua giaboksi, sikiliza klachi kwanza

Na Mwandishi Wetu, Mazimbu

MKULIMA wa ndizi wa Kinole au wa kabichi wa Mgeta halipwi kwa kilichopo shambani, bali kwa kilichofika sokoni. Kati ya shamba lake na soko la Morogoro kuna Milima ya Uluguru, na masika yanapoharibu barabara, chombo kinachopanda hadi mwisho mara nyingi ni Landrova ya zamani.

Landrova 109 ya mfululizo wa tatu ilitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Hii ina maana kwamba hata lile lililotoka kiwandani mwisho limekwishatimiza miaka 40. Bodi lake la bati la aluminiamu halishiki kutu kirahisi, na injini inaweza kubadilishwa. Kinachomsumbua mwenye gari milimani ni klachi na giaboksi, kwa sababu kila anapoondoka kwenye mwinuko akiwa na mzigo, uzito wote huo hupitia hapo.

Makala haya hayakusudii kumfanya mkulima kuwa fundi. Yanakusudia kumsaidia mwenye gari, dereva au mfanyabiashara anayekodi, ajue ugonjwa uko wapi kabla hajakubali giaboksi ifunguliwe. Katika magari haya kuitoa giaboksi ni kazi kubwa: viti na sakafu hung'olewa, kisha giaboksi hunyanyuliwa kupitia ndani ya gari. Ukiitoa bure kwa sababu ya raba ndogo iliyochoka nje, umelipa ufundi na umepoteza safari.

Hesabu ambayo haiandikwi

Wamiliki wengi huhesabu bei ya spea na malipo ya fundi tu. Gharama ya tatu, nayo mara nyingi ndiyo kubwa, ni siku ambazo gari limesimama.

Tuchukue mfano. Gari linafanya safari nne kwa wiki, na kila safari inabakiza Sh60,000 baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva na utingo. Likisimama gereji wiki mbili, safari nane zimepotea, sawa na Sh480,000. Bado hujahesabu ndizi zilizoivia njiani, wala mteja aliyekwenda kwa mwenye gari jingine na asirudi. Weka tarakimu zako mwenyewe, lakini hesabu ni hiyo hiyo: siku moja ya kuchunguza vizuri ni rahisi kuliko wiki mbili za kubahatisha.

Majaribio yanayofuata hayahitaji chombo chochote cha bei. Yale ya gari lililosimama yafanyike mahali tambarare, hendibreki ikiwa juu na mawe yakiwa mbele na nyuma ya matairi.

Klachi inayoteleza

Kazi ya klachi ni kuunganisha injini na giaboksi, na kuzitenganisha dereva anapokanyaga pedali. Ikiteleza, injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo. Dalili huonekana kwanza mlimani na mzigo ukiwa mzito.

Ili kuhakikisha, endesha kwenye barabara iliyo wazi ukiwa gia ya tatu au ya nne kwa mwendo wa wastani, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Kama sauti ya injini inapanda ghafla na mwendo unabaki pale pale, klachi inateleza. Harufu kali ya kuungua ni ushahidi wa pili. Usirudierudie jaribio hili, maana kila mara unamaliza kilichobaki kwenye pleti.

Hapa giaboksi italazimika kutoka, lakini kwanza tafuta sababu. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo la kumwagia oili. Lina kizibo chake, ambacho hufungwa wakati wa kuvuka maji tu. Kikiachwa humo baada ya kuvuka mto, oili inayovuja haina pa kutokea, hujikusanya na hatimaye inaweza kufika kwenye pleti ya klachi. Kama tundu linadondosha oili, ishike na uinuse. Oili ya injini ikiwa imetumika huwa nyeusi, wakati oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali inayofanana na kiberiti. Ya kwanza inaelekeza kwenye sili ya nyuma ya injini, ya pili kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Kufunga pleti mpya bila kubadilisha sili inayovuja ni kununua pleti nyingine baada ya muda mfupi.

Klachi isiyokata

Huu ni ugonjwa wa kinyume. Dereva amekanyaga pedali hadi chini, lakini injini bado inazungusha giaboksi. Gia zinaingia kwa shida na rivasi inasaga.

Zima injini, kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine, ukilisukuma gari kidogo kama meno hayajakaa sawa. Kama zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zinakataa injini ikiwaka, giaboksi haina kosa. Tatizo ni klachi. Kama zinakataa hata injini ikiwa imezimwa, angalia mkono wa gia na vyuma vinavyosukuma gia ndani ya giaboksi.

Jaribio linalofuata ni kupampu pedali mara tatu au nne haraka. Kama gia sasa inaingia, kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi au raba za silinda zimechoka. Angalia kiasi cha mafuta, kisha kagua silinda ya juu iliyo kwenye pedali na ile ya chini iliyo kwenye giaboksi. Unyevu kwenye raba ya kuzuia vumbi ni dalili ya kuvuja. Utingo akanyage pedali huku wewe ukitazama fimbo ya silinda ya chini: kama inasogea kidogo tu au haisogei, tatizo liko kwenye silinda, bomba au upepo. Hayo yote hurekebishwa bila kugusa giaboksi.

Onyo moja: mfumo huu hutumia mafuta ya breki tu. Anayejazia oili ya injini au dizeli kwa sababu yuko porini anavimbisha raba zote, na atazinunua upya.

Sikiliza sauti

Kama silinda zinafanya kazi sawasawa, hatua ya tatu ni masikio. Washa injini, weka fri, mguu usiwe kwenye klachi. Kama kuna mlio, kanyaga pedali. Mlio ukinyamaza, shuku beringi za ndani ya giaboksi. Ukianza pale unapokanyaga, shuku rilisi beringi, ambayo huchakaa mapema dereva anapozoea kuegesha mguu kwenye pedali.

Barabarani, sikiliza gia kwa gia. Katika giaboksi hii gia ya nne hupeleka nguvu moja kwa moja, bila kupitia meno ya shafti ya chini. Kwa hiyo mlio unaosikika gia ya kwanza hadi ya tatu na kupungua sana kwenye ya nne unaelekeza kwenye shafti hiyo na beringi zake. Mlio usiobadilika katika gia zote huenda hautoki kwenye giaboksi kabisa; kagua boksi la gia kubwa na ndogo, propela na difu.

Wapo wanaojaza oili 140 badala ya oili 90 ili kuficha mlio. Sauti inaweza kupungua, lakini gia zitakuwa nzito asubuhi na ubovu uko pale pale. Mnunuzi wa gari la zamani asisahau kukagua oili hiyo.

Jambo jingine ni kujua umri wa gari lako. Mfululizo wa pili, uliotengenezwa kati ya 1958 na 1971, hauna vyuma vya kulainisha uingiaji wa gia ya kwanza na ya pili. Dereva asiyejua kukanyaga klachi mara mbili atasaga gia hizo hata kama giaboksi ni nzima. Hapo anayehitaji matengenezo ni dereva.

Gia inayochomoka

Hili halisubiri. Dereva anashuka kutoka Nyandira na mzigo, ameachia mafuta, na gia ya pili inachomoka yenyewe kwenda fri. Injini haizuii tena gari. Breki peke yake ndiyo inabeba uzito wote. Breki ikipata moto sana inapoteza nguvu, na juu ya mzigo mara nyingi wamekaa watu.

Sababu inaweza kuwa springi za kushikilia gia zilizochoka, vyuma vya kusukuma gia vilivyolika au raba za kukalia injini na giaboksi zilizokatika. Anza na raba na springi, kwani ni kazi ndogo. Lakini gari hilo lisipande mlima kufuata mzigo mpaka limepona. Dereva kushikilia mkono wa gia kwa mkono mmoja njia nzima si matengenezo.

Kuitunza iliyopo

Kwenye mwinuko wenye matope, simama kwanza, kisha ingiza gia ndogo kwa mkono mwekundu. Gia hiyo huongeza nguvu ya kuvuta karibu mara mbili, na klachi haiteswi wakati wa kuondoka. Ukifika kwenye lami kavu, itoe. Usilizuie gari mlimani kwa klachi, tumia breki.

Ukifika gereji, usimwambie fundi "klachi imekufa". Mweleze ulichokiona: inateleza kwenye gia ya tatu na mzigo, au rivasi inasaga lakini ukipampu inaingia. Fundi mzuri atafurahi, na wa kubahatisha atajua kwamba mwenye gari anafuatilia. Kubalianeni kwa maandishi kitakachofunguliwa, spea zitakazonunuliwa na siku ya kumaliza, na uombe kuoneshwa spea za zamani zilizotolewa.

Giaboksi ikilazimika kutoka, kagua kwa pamoja pleti, presha pleti, rilisi beringi na sili za pande zote mbili. Kuacha beringi iliyoanza kulia ili kuokoa fedha kidogo ni kujiandaa kulipa ufundi ule ule mara ya pili, pengine katikati ya msimu wa mavuno.