Gari Kuukuu ya Oto: Tazama Mafuta Kwanza



Mkulima wa karafuu apatapo fedha ya msimu, huwa mambo mengi yamekwisha mngoja: madeni, mabati ya nyumba, mahitaji ya watoto wa skuli, na siku hizi, gari. Gari nyingi zinazoshuka visiwani kwetu ni kuukuu, zimekwisha tumika Japani, na nyingi katika hizo hazina kanyagio la klachi. Hujibadilisha gia zenyewe, ndizo tunazoziita gari za oto. Ni gari za raha, lakini giaboksi yake ikifa, gharama yake yaweza kumeza fedha ya msimu mzima. Na lisikitishalo zaidi ni kuwa giaboksi nyingine hufunguliwa bila ya haja, ilhali ugonjwa ulikuwa katika mafuta, waya, au maji ya rejeta.

Yafaa basi kila mwanachama ayajue mambo anayoweza kuyatazama mwenyewe kabla ya kumkabidhi fundi gari yake, na khasa kabla ya kumkabidhi muuzaji fedha yake.

KAZI YA MAFUTA

Katika giaboksi ya gia za mkono, mafuta hulainisha tu. Katika oto, mafuta ndiyo yachukuayo nguvu za injini. Injini huzungusha pangaboi lililo ndani ya toki kanveta. Pangaboi hilo huyasukuma mafuta, na mafuta huzungusha pangaboi la pili lililoungana na gia. Tena pampu hupeleka mafuta kwa nguvu kuzibana sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi, na kwa kubanwa kwa sahani hizo gia huingia. Mafuta yakipungua, sahani hazibanwi sawasawa. Huteleza, hupata moto, na mwisho huungua.

KUPIMA

Katika gari nyingi za Toyota za zamani, iendeshe gari kiasi cha robo saa au zaidi mpaka ipate moto. Isimamishe mahali pa sawa, injini iendelee kunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia polepole katika nafasi zote, kisha uurudishe P. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, ukichomoe tena. Mafuta yawe baina ya alama mbili za HOT. Katika Honda, injini huzimwa kwanza ndipo mafuta yapimwe. Gari nyingine hazina kijiti kabisa, na hizo hupimwa na fundi kwa chini.

Sasa tazama rangi, unuse na harufu. Mafuta mekundu na maangavu ni mazima. Yakiwa ya kahawia bila ya harufu mbaya, yamezeeka tu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, sahani zimekwisha ungua. Yakiwa ya waridi kama yaliyotiwa maziwa, maji yameingia. Usiiendeshe tena gari hiyo, kwani maji huilegeza gundi ya sahani. Maji hayo mara nyingi hutoka katika rejeta, kwa sababu mafuta ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani yake. Kwa hiyo mwenye kujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi anaiozesha rejeta, na huenda akaiua giaboksi pia.

MAJARIBIO YA MNUNUZI

Mwombe muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika, kwani kasoro nyingine huonekana injini ikiwa baridi tu. Iwashe, kanyaga breki sana, toa N utie D, kisha toa N utie R. Katika Toyota, kipimo cha kiwandani ikisha pata moto ni kuwa D iingie kabla ya sekunde 1.2, na R kabla ya sekunde 1.5. Ikichelewa mno, kuna udhaifu.

Halafu iendeshe nusu saa, uipandishe na mlima. Injini ikivuma kwa nguvu na gari haiongezi mwendo, sahani zinateleza. Rudia jaribio la R gari ikiwa ya moto. Asiyekubali gari yake ijaribiwe hivi, mwache na gari yake.

DALILI ZINAZODANGANYA

Si kila mshindo ni wa giaboksi. Gari ikigonga unapotia D, huenda mipira inayoishikilia injini imekatika. Gia zikiingia mapema mno au zikichelewa, katika gari za zamani tazama waya utokao kwenye kanyagio la mafuta kwenda kwenye giaboksi. Ukilegea gia huingia mapema, ukikaza huchelewa. Na taa ya O/D OFF ikimetameta katika Toyota, ni ishara kuwa kompyuta imeona hitilafu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, namba 62 na 63 ni za solenoidi zinazobadilisha gia. Solenoidi hizo katika gari nyingi hufikiwa kwa kufungua sampo tu, bila ya kuiteremsha giaboksi. Mwulize fundi amesoma namba gani kabla hajashika spana.

UTUNZAJI

Kwa gari ichukuayo mizigo katika milima, kubadilisha mafuta kila kilomita 40,000 ni kiasi cha busara. Yapime yaliyotoka, urudishe kadiri hiyo hiyo, kisha upime kwa kijiti. Hayatoki yote, maana mengi hubaki ndani ya toki kanveta. Rudia baada ya siku chache. Aina ya mafuta iwe ile ile iliyotajwa na kiwanda. Gari itakayo T-IV usiitie Dexron, na ya CVT ina mafuta yake mbali. Sampo ikifunguliwa, tazama sumaku: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma ni hatari. Giaboksi ambayo imekwisha anza kuteleza, mafuta mapya hayataiponya. Tahadhari na akuahidiye hivyo.

Katika kuendesha, simamisha gari kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Ukiteremka mlima na mzigo, zima O/D au tia 2, ili injini isaidie breki. Gari ikizimika, usiivute ikiwa magurudumu yanayovuta yamegusa chini, kwa kuwa pampu huzungushwa na injini, na injini ikizima giaboksi huzunguka kavu. Kwa sababu hiyo hiyo gari ya oto haiwashwi kwa kusukumwa. Msiwachoshe bure vijana wa mtaani.

Mwanachama anayekusudia kununua gari msimu huu na aikate makala hii, aitie mfukoni, aende nayo kwa muuzaji. Kuchomoa kijiti hakugharimu hata senti moja.