MAANA YA NENO "KERFUFFLE"

Katika magazeti ya Kiingereza huonekana mara kwa mara neno "kerfuffle". Msomaji asiyelijua hukisia maana yake kwa kutazama maneno yaliyo jirani nalo. Lakini kukisia huko kwaweza kuwatia watu hofu bure, kama tutakavyoeleza.

Neno hili asili yake ni Scotland. Watu wa huko walikuwa na neno "fuffle", maana yake kuvuruga kitu kilichopangwa, kama vile nguo au nywele. Kutokana na hilo wakapata "curfuffle", kisha neno likaenea Uingereza. Kwa muda mrefu liliandikwa kwa namna nyingi, kwa sababu lilikuwa neno la kinywani kuliko la kalamu. Ni katika karne ya 20 ndipo herufi K ilipozoeleka mwanzoni mwake.

Maana yake ni zogo: kelele na mabishano juu ya jambo lisilo kubwa, ambayo hutulia upesi. Mathalan, abiria wawili wakigombea kiti kimoja katika basi, wengine wakaingilia kati, na kondakta naye akapaza sauti, hiyo ndiyo "kerfuffle". Kila mtu akiisha kupata mahali pa kukaa, safari huendelea na jambo husahauliwa. Tena neno hili ni la mazungumzo. Halifai katika barua ya kuomba kazi, wala katika ushahidi mbele ya hakimu.

Sasa, mtu akilifasiri neno hilo kwa "ghasia", amekosea sana. Ghasia ndilo neno litumiwalo kwa "riot", nalo ni neno zito, kwa maana ni kosa la jinai. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hapana "riot" pasipo watu watatu au zaidi waliokusanyika kinyume cha sheria, kisha wakaanza kutimiza nia yao kwa kuvunja amani na kuwatisha raia. Wale abiria wawili hawakufanya neno lolote la namna hiyo. Lakini mfasiri akiandika kwamba palikuwa na ghasia kituoni, amewatwika kosa wasilolitenda. Mwenye duka atafunga milango yake, na mzazi aliye mbali hatapata usingizi kwa kumwazia mwanawe aliye mjini.

Kwa hiyo yafaa kila asomaye habari na kuwaeleza wenzake apime uzito wa neno kwanza. Watu walibishana tu, au walipigana? Raia walitishwa, au walicheka wakapita? Palipo na zogo tuseme zogo, na palipo na ghasia tuseme ghasia. Wahenga walinena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.