Mpanda hadi Tabora: gari, basi au treni?

MFANYABIASHARA wa Misunkumilo anayetaka kwenda Tabora hana budi kujibu swali ambalo miaka ya nyuma halikuwapo. Zamani mvua zikishika, barabara ya Koga ilikuwa haipitiki, malori yanalala porini na mzigo juu, na aliyekuwa na haraka au asiyekuwa nayo wote walikutana stesheni. Tangu lami ya Mpanda, Koga hadi Tabora ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, yenye urefu wa kilomita 342.9, mtu anaweza kuchagua. Na wengi wetu tunachagua kwa kuangalia nauli peke yake, jambo ambalo kwa mtu mwenye mtaji mdogo linaweza kumla faida ya msimu mzima bila yeye kujua imekwenda wapi.

Kabla ya fedha, tuangalie njia zenyewe. Watu huzizungumza kana kwamba reli na barabara ni kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili. Sivyo. Kwa urefu zinakaribiana sana: reli ya Mpanda hadi Kaliua ni kilomita 210, na ukiongeza kipande cha Kaliua hadi Tabora unapata takriban kilomita 335. Lakini hazipiti nchi moja. Reli inatoka Mpanda kwa Katumba, inavuka mto Ugalla, inaungana na Reli ya Kati pale Kaliua, kisha Urambo na Tabora. Barabara inapita Inyonga, Koga, Ipole na Sikonge. Mnunuzi wa asali ya Inyonga hata akiipenda treni namna gani, haitamfikisha kwa wafuga nyuki. Na mwenye shughuli Katumba, Kaliua au Urambo, kwenye tumbaku na mahindi, akipanda basi la Inyonga atakuwa amelizunguka soko lake lote ndipo aanze kulirudia kutoka Tabora.

Tofauti hiyo ina historia yake. Tawi la Mpanda halikujengwa kwa ajili ya abiria wala mahindi. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufika Mpanda mwaka 1950 ili kusomba madini ya risasi. Mgodi huo haukudumu. Ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru, reli ikabaki. Baadaye, wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipopewa makazi Katumba, reli ilikuwa tayari inapita hapo, na kilimo chao kikaipa treni mzigo ambao waliochora ramani hawakuuwazia.

Hesabu ya gari binafsi

Sasa tufike kwenye fedha, na tuanze na gari binafsi kwa sababu ndilo linalodanganya zaidi. Mwenye gari hujiambia kwamba gari analo tayari, kwa hiyo anachotumia ni mafuta tu. Tufanye mfano. Gari dogo au pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakunywa lita 34 hivi kutoka Mpanda hadi Tabora. Tuseme petroli ni sh. 3,000 kwa lita. Hapo ni sh. 103,000 kwenda tu. Bei halisi msomaji ataiona katika tangazo la EWURA linalotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na akumbuke kusoma mstari wa Mpanda, si wa Dar es Salaam, maana kila kilomita kutoka bandarini inaongezwa katika bei ya pampu.

Kisha kuna tairi, oili, breki na spea. Hizi hazidaiwi siku ya safari, ndiyo maana husahaulika. Tuziweke sh. 100 kwa kilomita, kiwango cha upole. Ni sh. 34,000 nyingine. Jumla sh. 137,000, kwenda bila kurudi.

Linganisha na basi. Viwango vya juu vilivyotangazwa na LATRA na kuanza Desemba 2023 vilikuwa sh. 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita ya lami katika daraja la kawaida, na sh. 67.84 katika daraja la kati. Kwa kilomita 343 hiyo ni takriban sh. 16,600 na sh. 23,300. Maana yake ni kwamba hata ukijaza gari watu watano na wote wakachangia sawa, kila mmoja atalipa sh. 27,400, bado juu ya basi la daraja la kati. Aliye peke yake ndani ya gari anajilipia viti vinane vya basi la kawaida.

Hapo msomaji atasema: lakini mimi nabeba mzigo. Haya. Tuseme pikapu inabeba gunia 9 za mchele za kilo 100, na lori la kukodi lingekutoza sh. 5,000 kwa gunia. Ungelipa sh. 45,000 kwa mzigo na sh. 16,600 kwa nafsi yako, jumla sh. 61,600, chini ya nusu ya gharama ya pikapu. Pikapu inaanza kulipa pale tu inaporudi na mzigo wa mtu au bidhaa zako za dukani. Ikirudi tupu, umewafanyia kazi wauza mafuta.

Kuna kundi moja ambalo gari binafsi linalifaa bila ubishi, nalo ni wanaonunua kidogo kidogo njiani. Anayesimama Inyonga saa mbili, Ipole saa moja, Sikonge saa tatu, na kulipa wakulima papo hapo, hawezi kufanya hivyo kwa basi. Kwake gari ni ofisi, na gharama yake aiweke katika hesabu ya duka, si ya safari.

Siku nayo ina bei

Treni, kwa upande wake, ina sifa mbili ambazo basi halijaziondoa: nauli ya daraja la tatu kwa kawaida ni nafuu, na behewa halinung'uniki likiona gunia. Kasoro yake ni siku. Kwa miaka mingi ratiba iliyozoeleka ya Mpanda ilikuwa safari tatu kwa wiki, na safari yenyewe huchukua zaidi ya saa 10, pengine usiku kucha na asubuhi yake. Basi kwenye lami, kwa mwendo unaoruhusiwa, linafika kwa saa sita au saba, tena kila siku. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, treni ilipoteza faida yake nyingine ya kumfikisha mtu huku amelala.

Kwa hiyo swali la kweli ni: siku yako moja ina thamani gani? Wengi hawajawahi kuipigia hesabu, wakati ni rahisi. Chukua mchuuzi anayenunua gunia 20 za mchele Mpanda, anauza Tabora, na kila mzunguko wa siku sita unampa faida ya sh. 180,000. Siku yake ni sh. 30,000. Kama kungoja treni, kupakia na kusubiri mzigo ushushwe kunamwongezea siku mbili, treni imemgharimu sh. 60,000 hata kabla hajalipa senti. Zigawe kwa gunia 20: ni sh. 3,000 kila gunia. Basi huo ndio mpaka wake. Treni ikimwokolea zaidi ya sh. 3,000 kwa gunia kulinganisha na lori, apeleke stesheni. Ikiwa pungufu, apeleke barabarani, hata kama nauli yake binafsi itakuwa kubwa.

Mwenye mtaji wa mkopo aongeze na riba ya siku hizo mbili. Mwenye nyanya au ndizi asihangaike na hesabu hii hata kidogo. Mzigo wake umekwisha mchagulia. Lakini mwenye dagaa wakavu wa Karema, asali iliyofungwa vizuri, karanga au mahindi yaliyokauka sawasawa, mali ambayo haiozi na bei yake haibadiliki kati ya Jumatatu na Alhamisi, huyo treni inamfaa, hasa ikiwa yeye mwenyewe habaki kuusubiri mzigo. Kuna wanaopeleka mzigo kwa reli na wao wakafuata kwa basi siku inayokaribia kufika. Wanalipa nauli ya juu kidogo lakini siku zao zinabaki sokoni. Kwa maoni ya ukurasa huu huo ndio mpango bora kwa mchuuzi wa kati, ilimradi awe na mtu wa kuaminika Tabora na stakabadhi ya mzigo isitoke mkononi mwake.

Jambo la ushuru halitofautishi reli na barabara, lakini linabadili ukubwa wa mzigo. Bajeti ya 2017/18 iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Gunia 9 za kilo 100 halali zinaingia ndani ya kiwango hicho. Gunia hizo hizo zikifungwa lumbesa hazina uhakika wa kuingia, na mizani haijui kwamba wewe ulihesabu tisa.

Vipi kuhusu hatari? Kila upande una yake. Ajali ya treni ya Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni, 2002 iliua watu zaidi ya 280, na hakuna aliyeisahau. Hata hivyo ajali za namna hiyo ni nadra, wakati za barabarani tunazisikia wiki hadi wiki. Kwa mfanyabiashara hatari ya kawaida ya reli ni kusimama. Mvua ya El Nino ya 1997/98 iliikata Reli ya Kati, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba njia maeneo ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama kwa miezi. Aliye na mzigo wa kwenda Dar es Salaam kati ya Desemba na Aprili aulize hali ya njia yote, si ya tawi la Mpanda tu.

Anayekwenda Dar es Salaam

Kwa wanaovuka Tabora, mambo yalibadilika mwaka 2024. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni mwaka huo, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, kwa nauli ya sh. 31,000 daraja la kawaida Dodoma hadi Dar, safari ya chini ya saa nne. Barabara ya Tabora hadi Manyoni nayo ilikuwa imekwisha unganishwa kwa lami kipande cha Nyahua hadi Chaya kilipomalizika. Kwa hiyo mtu wa Mpanda anaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, akapumzika, akamalizia kwa treni. Akilinganisha na treni ya reli ya zamani, ambayo kutoka Tabora pekee huchukua zaidi ya siku nzima, anaokoa muda mwingi. Ila hiyo ni safari ya mtu na mkoba wake. Anayefuata bidhaa Kariakoo apande nayo kwenda, na mzigo wa kurudi aupe lori au behewa.

Tumalizie na wale wanaouliza kuhusu uwekezaji badala ya nauli. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na tawi la Kaliua, Mpanda hadi Karema limo katika mipango ya serikali, kwa lengo la kuifikia bandari ya Karema na kuvuta shehena ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mpango huo ni mzuri na ukitimia utazibadili hesabu zote zilizoandikwa hapa. Lakini mpango si reli, na kutoka mpango hadi mataruma ni miaka. Mwenye akiba ya sh. milioni mbili au tatu asiizike katika kiwanja cha pembezoni mwa mji kwa sababu tu dalali amemwambia reli itapita jirani. Kwanza, reli ikipita juu ya kiwanja chako utalipwa fidia kwa tathmini ya serikali, si kwa ndoto ya dalali. Pili, ikipita mbali hakuna mnunuzi. Anayetaka kiwanja Misunkumilo akinunue kwa bei inayolingana na matumizi ya leo, yaani nyumba, ghala au fremu ya duka, na kabla ya kutoa malipo ya awali aende ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, kisha arudi na mtu wa kumwonyesha bikoni zote nne.