Nani Akutunzie Nywila?

Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma. Kwa mwenye simu yake mwenyewe, yenye kufuli, jibu hilo si baya. Chrome, Safari na Firefox hutunga nywila ndefu zisizokisika, tena huzijaza pale tu anwani ya tovuti inapolingana na ile iliyohifadhiwa. Hili la pili nalithamini kuliko yote. Tovuti ya kitapeli iliyobadilishwa herufi moja huhadaa jicho, lakini kivinjari hakihadaiki: hukaa kimya. Kikinyamaza, nawe usiandike kitu.

Taabu huanza kwenye kompyuta ya watu wengi. Katika duka la fotokopi, wanakoombea vijana mikopo ya chuo na ajira, ndiyo moja humwachia mteja anayefuata barua pepe yako yote. Hahitaji hata kuijua nywila, kivinjari kitamjazia. Hata kompyuta ya nyumbani haijasalimika. Kwa miaka mingi, nywila za Chrome kwenye Windows ziliweza kufunguliwa na programu yoyote iliyoendeshwa na mwenye kompyuta. Virusi kama RedLine, vinavyofichwa mara nyingi ndani ya programu za kuibia leseni, vilizikomba zote kwa mkupuo. Google iliongeza kinga mwaka 2024, na waunda virusi wakaanza kuitafutia upenyo.

Programu maalumu za kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePassXC, ambazo zinapatikana bure, hudai kwanza nywila kuu, ile inayofungua nyingine zote, na zinaweza kujifunga ukiziacha. Mhasibu anayeshiriki kompyuta na wenzake ningemshauri atumie hizo. Lakini nazo zina hatari yake. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hiyo. Nywila zilikuwa zimesimbwa kwa njia fiche; anwani za tovuti hazikusimbwa. Walioponzeka zaidi ni wenye nywila kuu dhaifu, maana mwizi mwenye nakala mkononi hubahatisha usiku na mchana, wala hakuna wa kumfungia akikosea.

Kwa hiyo nywila kuu iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Ukiisahau, kampuni nyingi haziwezi kukurudishia. Kisha anza kubadilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, kwani huko ndiko hutumwa viungo vya kufungulia akaunti zako zote.