Paka mwenye kisukari: Ukitilia shaka, usidunge

WENGI hudhani kisukari ni ugonjwa wa binadamu pekee. La hasha! Paka pia huugua, hasa mnene aliyevuka miaka saba na ambaye kazi yake ni kula na kulala. Ukimwona paka wako akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana na kukonda ilhali anakula vizuri, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo.

Akipatikana na ugonjwa huo, huenda ukaagizwa kumdunga insulini kila baada ya saa 12. Usiogope. Sindano yenyewe ni nyembamba mno, na hudungwa chini ya ngozi, wala si kwenye mshipa. Inua ngozi ya ubavuni kwa vidole, kisha udunge kwenye mkunjo huo.

Hatari kubwa imo katika kipimo. Paka wengi huanzishwa kwa yuniti moja tu au chini ya hapo, na kwa kiasi kidogo hivyo, kosa dogo huwa kubwa. Soma kibandiko cha chupa. Insulini nyingi za wanyama huwa na yuniti 40 kwa mililita, na za binadamu kwa kawaida yuniti 100. Kila aina ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, paka atapata dawa mara mbili na nusu ya aliyoandikiwa.

Mpe chakula kwanza. Akikataa kula au akitapika, usimdunge kabla ya kumwuliza daktari. Na je, dawa ikimwagika kwenye manyoya? Au ikiwa hamkumbuki nyumbani nani alidunga asubuhi? Usirudie! Akikosa dozi moja, sukari itapanda kwa muda tu. Akiipata mara mbili, inaweza kumuua. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila anayedunga aandike saa na kipimo.

Sukari ikishuka mno, paka hulegea, huyumba, hutetemeka, na hata kupatwa na degedege. Akiweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akiwa hajiwezi, mpake asali kwenye fizi, lakini usimmiminie kitu kinywani asije akapaliwa. Kisha mkimbize kwa daktari, hata akionekana kupata nafuu.

Unaweza pia kumpima nyumbani kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio. Paka mzima huwa na takriban milimoli 4 hadi 8 kwa lita. Ukipata chini ya 4, usidunge. Mpe chakula na umpigie daktari. Hata ikiwa juu kidogo ya hapo wakati wa sindano, uliza kwanza. Lakini usiongeze dawa kwa sababu ya kipimo kimoja kilichopanda, kwani hofu pekee hupandisha sukari ya paka.

Punguza ugali, wali na mkate. Paka ni mla nyama, na chakula chenye wanga kidogo humsaidia. Wapo wanaopata nafuu hadi wakaachishwa insulini. Ndiyo maana dozi iliyomfaa mwezi jana yaweza kumzidi leo. Zingatia miadi ya daktari, na usibadilishe kipimo kwa kukisia.