Msitu Unaolipia Matibabu



Juzi darasani mtoto aliniuliza: "Mwalimu, mtu asiye na shamba wala duka atalipaje hospitali?" Nikamweleza habari ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, hapa hapa Tanzania.

Hawa ni watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Miaka mingi wakulima na wafugaji waliwaingilia, miti ikakatwa, wanyama wakakimbia. Mwaka 2011 wakapata hati ya kimila ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000. Ardhi ni ya wote, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuiuza.

Vijana wao wanazunguka porini. Wakiona mtu anakata miti au anawinda kwa wizi, wanatoa taarifa. Kampuni za nje zinalipa hela kwa sababu miti ile inavuta hewa ya ukaa. Hela hiyo wanaijadili wenyewe mkutanoni: sehemu inalipa walinzi, sehemu matibabu, sehemu ada ya shule.

Jamani, sisi tuko ugenini, ardhi si yetu. Lakini mikutano ya afya tunayo! Mwezi uliopita nilienda wa kijiji chetu hapa kambini. Wamama walikuwa watatu tu. Kesho yake foleni ya zahanati ilijaa manung'uniko. Sasa nani atayapeleka mbele? Mkutano ujao tuje, tuseme wenyewe.